Otonglo Kutoka Ng'ambo

Ile sarafu ya kwanza niliikuta katika yadi ya vyuma chakavu mtaani Obunga, ndani ya gunia. Wakati huo kazi yangu ilikuwa kutenganisha: shaba upande huu, aluminiamu upande ule, na vitu visivyojulikana katikati. Kabla ya hapo nilikuwa nimewapiga picha watu wa Jumapili ufuoni Dunga, nimeuza viatu vya mitumba Kibuye, nimepaka maboti rangi, na nimesimamia mashine ya kusaga mahindi ambayo ilikuwa na tabia ya kujiwasha yenyewe. Kila kazi niliiacha siku niliyoielewa. Dada zangu husema nina akili ya mbuzi: naonja kila jani, simalizi hata moja.

Sarafu yenyewe ilikuwa kubwa, ya kahawia, yenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zilizolizunguka. Nilimwonyesha mwenye yadi. Hakuinua hata kichwa.

"Hiyo ni otonglo. Tupa kwa shaba."

Siku hizi watu huita pesa yoyote otonglo, lakini wazee wa huku walikuwa wakimaanisha hiyo hiyo, senti kumi ya mkoloni. Sikuitupa kwa shaba. Nilimlipa mwenye yadi uzito wake, akacheka, nikaenda nayo nyumbani Kaloleni, nikaanza kuuliza simu yangu maswali.

Ndipo nikagundua kwamba duniani kuna watu wanaonunua sarafu kuukuu, wanaziuza, wanazipiga picha karibu karibu kama bibi harusi, na wanagombana juu yake usiku na mchana. Nilisoma kila ugomvi. Nilijifunza kwamba sarafu yetu ya tundu haina kichwa cha mfalme kwa sababu tundu limekaa mahali ambapo kichwa kingekaa. Kuna taji tu na jina. Nikajifunza pia habari ya mfalme mmoja wa Waingereza aliyeachia kiti kabla hajavishwa taji. Kule kwao, pesa zenye uso wake hazikutolewa. Lakini hizi zetu, kwa kuwa hazikuhitaji uso, zilikuwa zimekwisha kupigwa kwa jina lake, zikaletwa huku zikanunua chumvi na kiberiti kama nyingine yoyote.

Mtu huyo nilimpenda papo hapo. Mimi niliacha shule darasa la saba. Yeye aliacha ufalme mlangoni. Nikasema huyu lazima nimpate.

Nilinunua kitabu chenye mifuko ya plastiki, nikaanza kuwapanga wafalme. Nilizunguka kwa wauza vyuma, kwa mafundi saa, kwa akina mama wanaouza shanga. Nilimpata baba yake. Nilimpata ndugu yake aliyekirithi kile kiti, tena huyo alikuwa kila mahali. Yeye mwenyewe, hapana. Katika kitabu kizima kukabaki mfuko mmoja mtupu, na kila nilipokifungua niliona huo mfuko kabla ya kuona kingine chochote. Nikiujaza huo, nilijiambia, nitakuwa nimemaliza kitu kimoja maishani, na dada zangu watatafuta mnyama mwingine wa kunifananisha naye.

Basi nikaagiza ng'ambo.

Muuzaji wangu alikuwa mzee mstaafu wa nchi ya baridi, anayeuza sarafu kutoka chumba cha juu nyumbani kwake. Tuliandikiana kupitia simu, mimi kwa Kiingereza cha darasa la saba na yeye kwa Kiingereza cha mtu asiye na haraka. Alisifu sana sarafu yake. Haijawahi kutumika, aliandika. Haikuwahi hata kuingia mfukoni mwa mtu. Imetoka kiwandani ikalala kwenye bahasha mpaka leo. Mama mwenye saiba, duka la intaneti karibu na soko, ambaye hulipia watu vitu vya nje kwa kadi yake na kuchukua kitu kidogo juu, alinilipia. Nauli ya posta ilikuwa kubwa kuliko sarafu, lakini hiyo sikumwambia mtu.

Shida ilikuja kwenye anwani. Mzee aliomba jina la barabara na nambari ya nyumba. Nikamwandikia ukweli: Kaloleni, mlango wa pili baada ya fundi wa baiskeli, mlango wa bluu.

Akajibu kwa adabu: "Samahani, huyo fundi ni nambari ngapi?"

Kwetu mtu asiye na sanduku la posta huazima la kanisa, la bosi, au la shemeji. Mimi kanisani nilikuwa na deni la mahudhurio, bosi sikuwa naye, na shemeji zangu wote nilikuwa nimewafanyia kazi nusu nusu. Sanduku pekee ambalo nambari yake niliijua kwa kichwa ni la shule yangu ya msingi, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye kibao cha lango, na mimi wakati wa masomo nilikaa sana nje ya lango. Nikampelekea mzee hiyo.

Kisha nikaenda kuomba ruhusa. Karani wa shule alikuwa bado ni yule yule mama, miwani ile ile imefungwa kwa uzi. Aliniangalia toka chini hadi juu.

"Si wewe ni yule alitoka la saba akienda kukojoa?"

"Ndiyo, Mama."

"Umekojoa ukamaliza?"

Wasichana wawili waliokuwa wameleta madaftari walikimbia nje wakicheka. Nikamweleza habari ya mzigo. Alisema barua huletwa na mjumbe wa shule, na mjumbe huenda posta siku ambayo baiskeli yake ina upepo. Kitu kisicho na mwenyewe hakilali ofisini kwake; hurudishwa posta siku hiyo hiyo. "Kwa hivyo ukitaka mzigo yako, ukuwe hapa. Hata ukitaka kuingia darasani ukingoja, kiti iko."

Nikaanza kuhudhuria shule kuliko nilivyowahi kuhudhuria.

Ni wakati huo huo mjomba wangu wa Kisian alianza kunipigia simu.

Nyanya yangu, mama yake mjomba na mama yake mama yangu, alikuwa amefariki, na nyumba yake ya udongo na mabati ilikuwa imebaki bomani ikiinama kidogo kidogo kuelekea zizi la mbuzi. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume habomoi nyumba ya mama yake. Anayeitwa ni mtoto wa dada. Kwa Kijaluo huyo ni okewo, na mjomba akiniita husema "Okewa", yaani okewo wangu. Watoto wengine wa dada walikuwa Nairobi na Mombasa, na mmoja ni mgonjwa wa mgongo kila anaposikia neno kazi. Nilibaki mimi. Malipo yake yanajulikana: jogoo.

Mjomba hakuwa na haraka na hiyo nyumba hadi binti yake alipopata mchumba. Wakwe walikuwa wamepanga kuja Jumamosi moja, na mahali pazuri pa kuwakalisha, penye kivuli cha asubuhi na upepo wa ziwa, palikuwa pale pale ambapo nyumba ingeangukia. Mjomba alikuwa ameshaota ndoto kwamba inamwangukia baba mkwe.

"Okewa, uko wapi?"

"Niko hapa tao, mjini tu, Mjomba."

"Unakuja lini?"

"Nangoja mzigo kidogo."

"Mzigo ya nini?"

"Otonglo."

Nilisikia kuku wake.

"Otonglo gani?"

"Ile ya zamani, ya tundu. Inatoka ng'ambo."

"Ngoja nielewe," mjomba alisema. "Pesa yetu ilienda ng'ambo. Sasa wewe unailipia nauli ndio irudi?"

"Ni hivyo, Mjomba."

"Ikifika utanunua nayo nini?"

"Hainunui kitu."

"Mama Atoti!" alimwita mke wake bila kukata simu. "Kuja usikie mtoto wa dada yangu."

Mtu angesema Kisian si mbali, ningeenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini mjomba ananijua. Alikuwa ameniwekea sheria: nikigusa hiyo nyumba siondoki bomani mpaka ilale chini yote, kwa sababu aliwahi kuniajiri kuchimba choo na hadi leo kuna shimo la kiuno nyuma ya ndizi. Kwa hivyo kwenda Kisian kulikuwa ni kumwachia mjumbe wa baiskeli mfalme wangu. Nilimwambia mjomba kesho. Kesho yake nilimwambia kesho. Alipiga asubuhi, akapiga mchana, na siku moja alinipigia nikiwa kwenye benchi ya ofisi ya karani, nikaongea kwa kunong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Niko shule, Mjomba."

"Saa hii ndio umeamua?"

Ijumaa ya wiki iliyotangulia ile ya wakwe haikuleta kitu. Jumatatu baiskeli haikuwa na upepo. Jumatano mvua. Mjomba sasa alikuwa ameacha kufoka, alikuwa anaongea kwa upole, na upole wake unatisha zaidi. Alisema anaweza kuweka nguzo ishikilie ile nyumba, halafu awaambie wakwe kwamba ni mapambo. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba binti yake ameacha kula. Hapo nilijisikia vibaya kweli. Niliamua kwamba Alhamisi, mzigo uje usije, naenda.

Alhamisi mjumbe alikuja na bahasha.

Karani aliishika juu, mbali na mimi. "Fungua hapa. Shule haiwezi kupokea kitu haijui."

Nikafungua. Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi ngumu, ndani ya karatasi sponji, ndani ya sponji kikasha cha plastiki, na ndani ya kikasha, mfalme aliyeacha kazi. Aling'aa kama sufuria mpya. Jina lake lilisomeka herufi kwa herufi.

Karani alivuta miwani. "Ni hii tu?"

"Ni hii, Mama."

"Na iko na shimo."

"Ilitengenezwa hivyo."

Alifikiri kidogo. "Afadhali ungebaki tukufunze hesabu," akasema, akarudi kwa kazi yake.

Nilifika Kisian jioni, kikasha mfukoni, nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote kando ya barabara ya Busia. Mjomba hakunisalimia. Alinipa nyundo ya kucha na akanionyesha mahali pa kulala. Kulipopambazuka nilikuwa juu ya paa, huku chini mjomba akinipa masharti: kwanza mabati, yasipindwe, kwa sababu yanakwenda kuezeka jiko jipya la mke wake. Misumari iokotwe yote. Na washa zote, vile visahani vya chuma vinavyokaa chini ya kichwa cha msumari. Halafu kuta.

Babu yangu alikuwa ameezeka nyumba hiyo kwa mikono yake, na juu ya kila msumari alikuwa ameweka tonge la lami ili maji yasiingie. Lami ilikuwa imekauka kama mawe. Nikapiga tonge la kwanza, likapasuka. Nikang'oa msumari. Ukaja na washa yake, kubwa, nyeusi. Nilikuwa naitupa kwenye ndoo nilipoona kwamba upande mmoja haukuwa laini.

Nikaisugua kwa kidole gumba. Nikatema mate, nikasugua tena.

Zikatokea pembe mbili za ndovu.

Nilikaa chini juu ya paa la nyanya yangu.

"Okewa!" mjomba aliita. "Umechoka na msumari moja?"

"Mjomba, hii washa..."

"Iko na nini?"

"Hii ni otonglo."

"Si ndiyo. Washa ya duka ilikuwa bei juu kuliko otonglo. Baba alienda kwa Mhindi, akabadilisha shilingi zake zote zikuwe senti kumi kumi, akaja akapigilia. Kwani wewe ulidhani ni nini inashikilia hii mabati?"

"Hukuniambia!"

"Uliniuliza? Ulisema yako inatoka ng'ambo."

Sijui nieleze vipi saa zilizofuata. Paa zima lilikuwa kitabu changu cha plastiki, ila mifuko yake ilikuwa ya lami. Kila msumari ulipotoka nilivunja lami, nikasugua, nikasoma jina. Baba yake. Ndugu yake. Ndugu yake tena. Jua lilikuwa limepanda, bati lilikuwa linanichoma kwenye suruali, na mimi nilikuwa nimeng'oa safu mbili tu. Mjomba alikuwa anazunguka nyumba kama mbwa aliyeona paka juu ya mti.

"Wakwe wanakuja kesho! Kesho! Ng'oa, utaangalia baadaye!"

"Naangalia moja tu, Mjomba."

Mke wa mjomba alitoka na sufuria ya uji, akasimama akanitazama, mkono kiunoni.

"Muache tu, Baba," alimwambia mume wake. "Shule alikataa kusoma. Leo anasoma mabati."

Walicheka wote, hata yule binti aliyekuwa ameacha kula, na nilimwona akichukua kikombe cha uji. Nami nikacheka, nikasugua iliyokuwa mkononi, na alikuwa yeye. Mfalme aliyeacha kazi, mweusi kwa lami, na pembeni ana kovu ambapo nyundo ya babu ilikosea msumari. Katika safu iliyofuata alikuwepo tena. Na tena. Alikuwa ameishi Kisian miaka yote, juu ya kitanda nilichokuwa nikilala nikija likizo, akizuia mvua isinidondokee.

Baada ya huyo nilifanya kazi. Sijawahi kufanya kazi namna hiyo kabla wala baada yake. Kufikia mchana mabati yalikuwa yamepangwa chini. Tulipiga kuta mimi peke yangu na shoka, maana mjomba hakuruhusiwa kugusa. Alitumia mdomo tu, na huo aliutumia wote. Jua likielekea ziwani, ukuta wa mwisho ulilala upande usiokuwa na zizi, mbuzi wakakohoa vumbi, na boma likawa wazi hadi kwenye maji. Mjomba alitembea pale palipokuwa na nyumba, akafika katikati, akasimama kidogo na mgongo wake kwetu. Kisha akageuka akasema mahali hapo pafagiwe.

Jumamosi baba mkwe alikaa hapo hapo na akasifu upepo.

Jumapili nilibaki kuezeka jiko, bila kuagizwa na mtu. Mjomba aliniletea jogoo wangu, amefungwa miguu.

"Mjomba, jogoo baki naye. Nipe washa moja, ile yenye kovu."

"Jogoo ni desturi," alisema. "Okewo halipwi na washa. Na hizi ziko na kazi, nimezihesabu na misumari. Nikikupa moja, msumari moja inabaki uchi, na hapo ndio mama Atoti ataweka jiko lake, na mvua itaingia hapo hapo kwa sababu mvua inamjua."

"Basi tubadilishane."

Nikatoa kikasha mfukoni. Mjomba akakipokea, akakifungua kwa kisu, akaweka ile sarafu kwenye kiganja. Iling'aa hadi mke wake akasogea.

"Ndio hii ulikuwa unangoja?"

"Ndiyo hiyo."

"Haijatumika hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Uvivu," mjomba alisema. Akaiweka juu ya bati, akaingiza msumari kwenye tundu, akapiga mara moja, mbili, tatu. Kisha akachagua kwenye ndoo ile niliyotaka, ile yenye kovu, akanirushia.

Sasa iko katika mfuko uliokuwa mtupu. Bado ina lami kidogo, nimeshindwa kuitoa, au sijajaribu sana. Jogoo sikumfikisha nyumbani Kaloleni; nilimpeleka kwa karani wa shule kumshukuru, akampokea bila kuuliza yeye amefanya nini kumstahili.

Kabla sijaondoka Kisian nilikuwa nimepiga picha ya paa la jiko, safu kwa safu, otonglo moja inang'aa katikati ya nyeusi, nikamtumia mzee wa nchi ya baridi. Siku nzima hakujibu. Nilidhani nimemuua. Hatimaye aliandika kwamba ameitazama picha kwa kioo chake cha kukuza, kwamba imembidi akae chini, na kwamba angependa kujua, kwa heshima zote, kama mwenye hilo paa anaweza kumuuzia chache.

Nilimpigia mjomba simu nikamsomea.

"Anataka ngapi?"

"Chache tu, Mjomba. Hata kumi."

Nilisikia mvua ikipiga bati upande wake, na mke wake akiimba kitu jikoni.

"Mwambie tumesema asante," mjomba alisema. "Lakini mwambie bado zinatumika."